Jani juu ya ndoo

Suji

Mjukuu wangu Nakijwa,

Marahaba. Huku sote wazima, tangawizi imestawi, na babu yako bado anabishana na mbuzi wake.

Umesema chuoni mmefundishwa kwamba tangi la lori la mafuta lina kuta zenye matundu ndani, ili mafuta yasichezecheze na kuliangusha lori kwenye kona. Ukauliza kama sisi wa zamani tulikuwa na ujanja wa namna hiyo. Tulikuwa nao, na mimi niliudharau.

Tulipoteka maji bondeni tulilaza jani bichi la mgomba juu ya ndoo, maji yakatulia njia nzima. Siku ya ubatizo wa mdogo wangu, wageni wakisubiri chai, nilimwona kijana amesimama njiani. Nikalitupa jani, nisionekane mtoto anayejifunza kubeba. Nikakaza shingo, nikapanda kwa maringo. Kadiri nilivyokaza ndivyo maji yalivyoruka. Nilimfikia nimelowa chepechepe, ndoo imebaki nusu.

Hakucheka. Alikata jani, akanisindikiza kurudi mtoni, akaliweka mwenyewe juu ya maji. "Polepole, dada," akasema. Chai ilichelewa, na mama alifoka mpaka jioni.

Kijana yule ndiye babu yako. Mpaka leo nikianza kufoka kama mama, yeye huinuka tu. Anatoka nje, anarudi na jani la mgomba, analilaza kichwani pangu taratibu, na mimi nasahau nilikuwa nagombana naye kwa nini.

Bibi yako