Kofia Moja, Vichwa Viwili

Jumapili, mwezi wa saba unaishia. Upepo wa baridi umeshuka kutoka mlimani tangu asubuhi, na vumbi la ngano limeingia hadi kwenye mashuka. Ukisimama mbele ya nyumba hizi za wafanyakazi, shamba ni la manjano mpaka macho yanachoka.

Sina huzuni leo. Furaha pia sina. Nipo tu.

Kanisani nimeimba beti zote, sauti ya pili kama kawaida yangu, na moyoni hakikutikisika kitu. Mungu anisamehe. Siku hizi nikiomba, maneno yanatoka kama mtu anayepukuchua mahindi huku anawaza mambo mengine. Kila anayenisalimia pale usharikani ananiambia nishukuru kwa kuwa nimepona. Nashukuru. Nimeshukuru mpaka neno lenyewe limechakaa mdomoni.

Nilichopoteza ni pua. Ipo usoni, haina hata kovu, ila hainusi. Daktari wa misheni alinieleza kwamba kichwa kikigongwa kwa nyuma, harufu inaweza kuondoka. Pengine itarudi, pengine hairudi. Juzi nimeunguza maharage nikiwa nimekaa palepale kando ya jiko. Jirani yangu Mama Paskali ndiye aliyekuja mbio akidhani nyumba inawaka.

"Mama Neema, umelala?"

Sikuwa nimelala. Nilikuwa nachambua mchele. Jioni mume wangu akayala yale maharage meusi mpaka mwisho.

Hilo linanisumbua kuliko pua. Siku hizi anakula kila ninachomwekea.

Ngoja niandike ilivyokuwa, labda nikiiona kwenye karatasi nitasikia kitu. Baba Neema ni fundi wa kombaini za kuvunia ngano hapa shamba la serikali. Ofisi ilimpa pikipiki moja na kofia yake moja, nyekundu, kwa sababu mfanyakazi ni mmoja. Lakini tukienda sokoni Katesh, au kwetu Maretadu kuwaona wazazi, ile kofia alinivisha mimi. Navua kitambaa changu, nakikunja nakitia kifuani, naye ananifunga mkanda chini ya kidevu kwa vile vidole vyake vya grisi. Akina mama wa Gehandu, kijiji cha njiani, walikwisha kunizoea, maana na marubani wa ndege za kunyunyizia dawa ngano wanawaona kila msimu na kofia zao. "Shikamoo, rubani," walinipigia kelele kando ya barabara. Nami niliwapungia mkono kama rubani kweli.

Shida ilikuwa trafiki. Pale wanaposimama kabla hujaingia Katesh, wanatazama kichwa cha dereva. Abiria ni kama gunia. Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu. Tukifika kalavati la mwisho tunasimama, navua kofia, anavaa yeye, nafunga kitambaa changu, tunaendelea kama watu wanaoheshimu sheria. Wakati wa kurudi, palepale kalavatini, kofia inarudi kwangu.

Siku ya ajali tulikuwa tunakwenda Katesh, na ndiyo kwanza tulikuwa tumebadilishana, kofia iko kichwani kwake. Pikipiki haikuwa hata imeshika mwendo. Ndama akatoka kwenye majani akimfuata mama yake, Baba Neema akamkwepa, gurudumu likateleza kwenye kokoto. Yeye aliangukia mikono na magoti. Mimi niliangukia kisogo, kwenye ukingo wa kalavati.

Kofia haikuguswa na jiwe hata moja.

Tangu nitoke hospitali hajaivaa. Ameitundika kwenye msumari karibu na mlango, anaondoka kichwa wazi. Trafiki wakimsimamisha hajitetei, yeye ambaye hubishana hata na mchungaji. Nilimuuliza mara moja tu. Akasema, "Nikiivaa nasikia lile jiwe."

Najua kwamba naogopa kwa ajili yake. Najua kwa akili. Ila hofu yenyewe hainifikii, ni kama mguu uliokufa ganzi: unaona kabisa umekanyaga chini, lakini husikii sakafu.

Leo baada ya ibada wamekuja kumwita. Kombaini imekwama katikati ya shamba, na ngano ikishakauka haijui Jumapili. Alipokuwa anatafuta spana zake, nimeitoa kofia kwenye msumari nikaingiza uso ndani. Zamani mle ndani kulikuwa na dizeli, na jasho lake, na mafuta yangu ya nywele, vyote pamoja. Nimevuta pumzi mpaka kifua kikauma.

Hakuna. Sponji ya baridi tu, na vumbi likanipalia.

Nikatoka nayo nje. Alikuwa ameshakaa juu ya pikipiki.

"Baba Neema, inama."

"Niache, Mama Neema. Watu wananisubiri."

"Wasubiri. Inama."

"Hiyo kofia ni yako."

"Yangu ya nini? Naenda nayo wapi, jikoni?"

Hakucheka. Akapiga kiki, pikipiki ikagoma. Akapiga tena. Ng'ambo ya uzio Mama Paskali alikuwa anaanua nguo zake, akijifanya hasikii. Nikamwuliza mume wangu bila kupandisha sauti, maana sauti ya kupandisha sikuwa nayo.

"Maziwa ya asubuhi yalikuwa yameharibika?"

Akatazama tangi la mafuta. "Kidogo."

"Na ukayanywa."

"Nikayanywa."

"Sasa ukianguka wewe, nani atanusa maziwa humu ndani?"

Mguu wake ukabaki juu ya kiki. Ndipo Mama Paskali akasema kutoka kwenye kamba yake ya nguo, "Mimi msinihesabu. Nina mafua mwaka mzima."

Mdomo wa Baba Neema ukacheza kidogo upande mmoja. Akainama. Nikamvisha, nikamfunga mkanda chini ya kidevu, kama alivyokuwa akinifunga mimi. Nikamwambia sitapanda tena nyuma yake mpaka ipatikane kofia ya pili. Sokoni nitakwenda kwa lori la mahindi. Akaitikia kwa kichwa, na kichwa kile kikubwa chekundu kikaonekana kizito sana.

Nimesimama kumtazama mpaka amepita ghala, nione kama ataivua. Imebaki nukta nyekundu kwenye manjano yote yale, halafu vumbi.

Amerudi jua likizama. Hakuivua uani. Amepita nayo mlangoni, akaja hadi jikoni, akainamisha kichwa mbele yangu kama mtoto anayesubiri kuvuliwa sweta. Nikafungua mkanda. Kabla hata hajanawa mikono akachukua kibuyu cha maziwa, akakinusa mdomoni.

"Haya mazima," akasema.

Sasa amelala. Nimeiweka kofia magotini huku naandika. Jioni, nilipomvua tu, niliingiza tena uso ndani. Harufu hakuna, nisijidanganye.

Lakini mle ndani mlikuwa na joto.

Kesho asubuhi nitamshikia kibuyu anuse kwanza, ndipo anywe. Halafu nitamfunga mkanda.