Kilichotoka Nje ya Damu Yetu

Kiabakari,
12 Machi, 1971

Kaka yangu mpendwa Stanislausi,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tu wazima, na tunaomba nawe huko Mwanza uwe na afya, kifua kisikusumbue tena. Mvua imeanza, pamba ya Baba imeota vizuri, na yule ng'ombe mwekundu amezaa.

Sasa habari za Mama. Ulimwacha akitetemeka mikono. Baadaye alishindwa hata kushika kikombe cha uji, mate yakawa yanamtoka, akaanza kujificha wageni wakija. Majirani walisema ni ugonjwa wa ukoo wake, kwa kuwa bibi naye alitetemekaga. Najua ndiyo sababu hutaki kuoa.

Mwaka jana Baba alikubali tumpeleke Musoma. Daktari alimtazama ufizi, akamwambia anyooshe vidole, kisha akauliza jambo la ajabu: ni vitu gani vinaingia nyumbani kwetu? Tukataja chakula, maji, dawa ya pamba. Ndipo Baba akasema kwamba tangu mgodi ufungwe huokota mchanga uliobaki, hunasa dhahabu kwa zebaki, na kuichoma kwenye jiko la Mama. Daktari akaweka kalamu chini.

Alisema ugonjwa huu ni eksojenasi. Aliponiona nimeduwaa akaeleza kuwa wataalamu huita hivyo kitu chochote ambacho chanzo chake ni nje. Kwa mwili, ni kama sumu inayoingia na hewa. Hata wasomi wa mawe wanalo neno hilo: mvua na upepo vinavyokula jabali ni vya nje, moto ulio chini ya ardhi ni wa ndani. Zebaki ikichomwa hugeuka mvuke usioonekana, na Mama alikuwa akiuvuta huku akisonga ugali. Kutetemeka kwa bibi kulikuwa uzee tu.

"Damu yenu haina kosa," alisema.

Kaka, neno moja tu, na ukoo mzima ukafunguliwa! Njiani nilitazama majabali ya kwetu kama vile sijawahi kuyaona.

Baba alimpelekea daktari chupa yake ya zebaki, jiko akalibomoa. Kisha akamwambia Mama mbele yetu, "Nilikuwa nakuua, na bado nikasema ni ugonjwa wa kwenu."

Mama akamjibu, "Ulikuwa hujui. Nijengee jiko lingine."

Akajenga, lenye madirisha makubwa. Mikono ya Mama ikatulia polepole. Juzi alitunga uzi kwenye sindano, akauchomoa, akatunga tena, nasi tukimtazama kama tuko kanisani. Baba alitoka nje kulia.

Sasa nikuambie nililokuwa nimelificha. Jikoni tulikuwaga wawili, na mikono yangu nayo ilikuwa imeanza. Ndiyo maana nilimkataa Isidori aliponiposa, bila kumpa sababu. Barua zangu zote za mwaka jana aliniandikia jirani yetu Dorkas, mimi nikimtajia maneno, kwa hiyo habari hizi za ndani sikuzitaja. Hii nimeiandika mwenyewe. Isidori nimemweleza yote, na Jumapili wazazi wake walikuja kuzungumza na Baba.

Mama anakusalimu sana. Anasema uje, na kama yuko binti unayemkwepa, usimkwepe tena.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Euphrasia