Mvinyo wa Baba Kwenye Chupa za Soda

Kaka yangu,

Huku hatujambo. Chupa za vioo tumezikosa, kwa hiyo mvinyo wa nanasi wa Baba tumeutia kwenye chupa za plastiki za soda. Kila asubuhi Baba hulegeza vifuniko na kutega sikio. Gesi ikinyamaza kabisa, ndipo hukaza. Jumatatu akasema imenyamaza, akakaza zote. Mimi niliisikia bado inafanya "ssss" hadi jikoni, nikadhani ananitania.

Jana chupa moja ikapasuka nyuma ya kiti chake. Mimi niliangusha sufuria. Yeye akafunua ukurasa wa gazeti.

Zilizobaki nimezilegeza mwenyewe. Ulilalamika kwamba kwenye simu anakujibu "naam, naam" tu, kama mtu aliyekuchoka. Acha kununa, kaka. Mwandikie.

Dada yako, ambaye bado ananuka nanasi