Kiti Kitupu cha Bi Time

Jumatano.

Bado kile kiti kinaniudhi. Nilimwekea Bi Time kiti kitupu uani kwake, nikamwomba azungumze na marehemu mwanawe kana kwamba ameketi pale, kama tulivyofundishwa chuoni kuwasaidia wafiwa.

Akanikemea, “Mwanangu wee, maiti huombewa dua. Haitwi kitini!”

Niliona haya. Nikahofia hatanipokea tena, ilhali tangu msiba alikuwa hajalitaja jina la kijana wake.

Nikakiondoa kiti, nikaketi naye jamvini kuchambua karafuu, tukizitenga na vijiti vyake, makonyo. Mikono ilikuwa kazini, hatukutazamana. Mara Bi Time akacheka kidogo. “Khamis wangu alikuwa mvivu! Makonyo yote akiyaacha humo humo.”

Akalia. Tukamwombea dua pamoja.

Nilipoaga akaniambia, “Kesho uje. Karafuu zingali nyingi.”