Nilikuwa Naacha Pombe Vizuri Hadi Mama Mkwe Alipoingia

Mshauri, shikamoo, na samahani kwa kukuchosha, ila usiponisaidia wiki hii mimi nimekwisha. Mimi ni fundi umeme, nina mke na watoto, na nilikuwa mlevi wa kutupwa, yaani wa kupanda ngazi asubuhi huku nanuka, mpaka siku nilipodondoka kutoka kwenye paa la mteja, na nesi aliyenishona mkono akaniambia kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe, wanakutana kila Alhamisi jioni kwenye ukumbi nyuma ya zahanati, nikaenda, nikalizunguka jengo kama mwizi kabla ya kuingia, ndani nikakuta watu wa kawaida tu, mwalimu, dereva, mshona viatu, wamekaa duara na chupa ya chai, kila mtu anasema yake na hakuna anayecheka, na hiyo ndiyo iliyonisaidia, mshauri, siyo dawa.

Sasa Alhamisi moja zamu yangu imefika, nimeshasimama, mdomo wazi, mlango ukafunguka akaingia mama mkwe. Mama mkwe wangu mimi, ambaye hata kula mbele yake naona haya. Kakumbatia mkoba, macho yamevimba, mwenyekiti akamkaribisha kwa upole kama anavyowakaribisha wageni wote, mimi nikachomoa testa mfukoni nikasema, "Nimekuja kutengeneza feni," naye akaniangalia akasema, "Mimi nimekuja kuazima viti." Basi nikapanda juu ya meza nikafungua feni iliyokuwa nzima, yeye akapewa viti viwili vya plastiki akaondoka navyo kichwani, na mwenyekiti anajikuna kidevu.

Tangu siku hiyo sijarudi. Feni nimeiua, viti havijarudishwa, na nikifikiria kwamba naweza kumkuta tena pale, halafu nisimulie mbele yake nilivyokuwa nakojoa kitandani na binti yake kalala pembeni, bora ardhi ipasuke inimeze. Na sasa ndiyo naelewa zile peremende anazomumunya tangu asubuhi. Juzi miguu yenyewe ilinipeleka baa, nikaagiza soda, nikakaa nainusa bia ya jirani mpaka akahama meza. Mke wangu alishasema nikirudia pombe anachukua watoto anarudi kwao, na kaona siendi kikundini, nikamwambia kikundi kimefungwa, hakuniamini, sasa kamwita nani aje Jumapili anipe vidonge vyangu? Mama yake, ati kwa kuwa mama hajawahi kugusa hata tone. Mshauri, nimwambie mke wangu ukweli? Au nihamie kikundi cha mji mwingine? Mwenzako hata usingizi sipati.

Mkwe Aliyebanwa

*

Marahaba, mkwe. Nisikudanganye, pale kwenye feni nimecheka mpaka chai ikanipalia. Halafu nimesoma tena, nikaacha kucheka, na sasa nina maneno na wewe.

Kwanza, hongera kwa ulipofika, na pole. Lakini hiyo soda usijisifie. Mtu anayekaa baa kunusa bia ya mwenzake yuko njiani kurudi, na ukirudi mkeo ataondoka, wala hatakuwa amekuonea.

Pili, barua nzima unalia aibu yako wewe. Yeye je? Wewe mwanamume mzima ulizunguka jengo kabla ya kuingia. Sasa huyo mama, bibi wa watoto wako, kajikaza mpaka kafika mlangoni, na uso wa kwanza kuuona ni wa mkwewe. Wewe ulikuwa na wenzako mle ndani, yeye hakuwa na mtu. Viti havijarudi kwa sababu wa kuvirudisha lazima apite mlango uleule. Hakuja kuazima viti, fundi, na ulilijua hilo ukiwa bado juu ya meza.

Habari za mji mwingine futa. Nauli ikikosekana wiki moja tu, umepata kisingizio. Mkeo mwambie ukweli wako wewe: kikundi hakijafungwa, uliacha kwenda kwa kuona haya, umeitamani pombe, na unarudi. Ya mama yake usiyaguse. Hayo si yako kuyatoa nje. Atayasema mwenyewe akitaka, asipotaka basi.

Na Jumapili usiingoje. Ukiingoja, mama wa watu atakaa sebuleni kwako akufundishe kuacha pombe huku anamumunya peremende zake, na mkiachana hapo kila mmoja atatafuta chupa yake. Alhamisi funga kazi mapema, nenda kwake, msalimie kwa adabu zote, mwambie umekuja mrudishe viti pamoja. Ataelewa. Akikataa, mwachie namba ya mwenyekiti, na wewe kikao usikikose, maana hukuzaliwa kuja kumponya mkweo. Akikubali, njiani si lazima muongee. Ndani kaeni upande mmoja, msitazamane.

Zamu ikija, anza wewe. Simama useme kwamba wewe ni mlevi, mbele ya mkweo, na sauti ikikatika iache ikatike. Wale wengine walishakusikia. Safari hii unamsemea huyo aliyekaa pembeni yako, anayetafuta pa kuanzia.