Afande, nimenunuliwa tableti

Mume wangu mpenzi, Afande,

Nimenunuliwa tableti! Binti yetu Aber ameileta jana kutoka Bugembe, na usiku sikulala vizuri kwa furaha, kama mtoto aliyeshonewa nguo ya Krismasi. Nikitanua vidole viwili juu ya kioo, herufi zinavimba mpaka nazisoma bila kukunja uso. Afande, ninasoma tena! Macho yalipokataa, nikawa nasomewa Biblia na watu wenye haraka. Leo asubuhi nimesoma zaburi nzima mwenyewe, polepole, nikarudia pale nilipopenda.

Kisha nikabonyeza sijui nini, nikakuta kizee kimoja kinanitazama kutoka chini ya kidevu.

"Nani huyu?" nikauliza.

"Ni wewe, mama," Aber akasema, akacheka mpaka akakaa chini.

Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba yetu. Wewe Mwacholi, mimi Mgisu, tungeelewana vipi? Unakumbuka siku ile Jinja, kwenye kota za magereza? Ulisimama wima mlangoni kwangu kama uko kwenye paredi, ukasema, "Mwalimu, mimi nataka wewe." Nikakusahihisha kama mwanafunzi: "Ninakutaka." Ukapiga saluti. "Asante, mwalimu. Basi tumekubaliana."

Sasa acha nikuungamie, maana daktari hanifichi tena. Moyo umechoka. Kwa desturi nitapelekwa kwenu kaskazini nizikwe kando yako, na ndugu zako wamenitunzia nafasi, wanaipalilia kila msimu. Mimi sitaki, Afande. Nataka kulala hapa Mbale, chini ya mlima Wanale nilikozaliwa, ambako mvua ikinyesha maji yanashuka meupe kwenye jabali na watoto wanapiga kelele. Kwenu nilipokewa vizuri, nikapewa kiti na kuku. Lakini mgeni ndiye anayepewa kiti. Ulipokuwa ukinionyesha kwa fimbo, "Hapa mimi, hapa wewe," nilikubali kwa kichwa tu. Nilikupenda wewe. Ardhi ya kwenu sikuwahi kuizoea.

Nilichoogopa ni kwamba nikishakata roho, watu wenu na wetu watagombana juu ya jeneza langu, kila mmoja akidai anajua nilichotaka. Kwa hiyo leo nimejipaka poda, nimevaa gomesi ya bluu, nimekaa mbele ya tableti na kusema yote kwa mdomo wangu. Mara ya kwanza nilirekodi paji la uso tu. Mara ya pili nikapatia, na Aber akaituma video hiyo kwa mdogo wako.

Afande, hata chai haikupoa! Mdogo wako akapiga simu ya video, ameishika karibu mno, nikawa naona pua peke yake.

"Shemeji," pua ikasema, "umetuvunja moyo."

Nilisikia watu wengi nyuma yake wakinong'ona.

"Lakini tumeona mdomo wako ukisema. Nani atabisha? Tutakuja huko kukuzika. Mtupikie vizuri, hatutaki ndizi tu!"

Nililia na kucheka pamoja, hata Aber akaniletea maji. Uzito ule nimeubeba tangu tulipokuzika. Leo nimeutua, na ninajisikia msichana.

Kabla ya kukata simu mdogo wako aliuliza kwa sauti ya chini, "Na kaka, tumwambie nini?"

Nikamjibu asikuambie kitu, nitakuambia mwenyewe.

Basi nimekuambia. Usininunie. Ile nafasi kando yako nimewaomba wapande simsim, maana hiyo uliipenda karibu kunizidi mimi.

Pumzika, Afande. Mimi bado nina zaburi za kusoma.

Mkeo,
Mwalimu