Mavyaa, Mrehani Wako Umechipua

Mavyaa wangu mpendwa,

Shikamoo. Ungekuwepo ungeitikia marahaba, kisha kabla sijakaa ungeniuliza kama nimeshamwagilia. Nimeshamwagilia. Tulia huko uliko.

Masika yamefika. Yalituringia kwanza, mawingu yakija na kuondoka, lakini sasa yanamwagika kwelikweli, na uani kwetu huku Chukwani kumejaa ndoo, mabeseni na masufuria ya harusi, yote yanakinga maji ya bati. Mume wangu, mwanao Hemed, anapita katikati yake kapandisha msuli, ananung'unika kwamba hana pa kukanyaga. Mimi simjali. Nina furaha, Mavyaa, na furaha yenyewe inatoka kwenye kopo moja la samli, lile ulilopandia mrehani wako.

Unakumbuka nilipoingia nyumba yako ya Mji Mkongwe, bibi harusi mpya kutoka Tabora? Mbu walinila. Asubuhi nikapanda juu ya paa kwenye makopo yako, nikaona mmea niliodhani ni kivumbasi, ambacho kwetu tunakichoma kuwafukuza. Nikavunja matawi mazima mazima nikayatia kwenye makaa. Ukaufuata moshi ngazi zote hizo, unahema.

"We mwana! Mrehani wangu wa kikuba wawafukizia mbu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Wewe ukacheka mpaka ukakaa chini. "Mbu wa huku wana bahati," ukasema, "wanafukizwa kama maharusi." Kisha ukalichukua tawi lililosalimika, ukalifunga kwa uzi pamoja na asmini, ukanibandika kifuani. Kikuba changu cha kwanza. Nilitembea nacho siku nzima nikijinusa mwenyewe.

Tangu hapo sikuchuma jani bila ruhusa. Nilikuwa nikisimama juu ya paa na kuita, "Mavyaa, nchume?" nawe unajibu kutoka jikoni, "Chuma, lakini usinimalizie!" Hata nilipokuwa na watoto wanne na mvi zangu mwenyewe, niliuliza.

Kitu kimoja tu sikukuelewa. Kabla ya kumwagilia, ulikuwa ukichovya kidole kwenye ndoo na kuonja maji. Nanaa, mchaichai, kotmiri, mrehani, hakuna kilichopata tone kabla ya ulimi wako. Nilipokuuliza, ulinitazama kama nimeuliza kwa nini watu wanavaa nguo. "Mti hauna mdomo wa kutema," ukasema. Mimi nikadhani ni mambo ya uzee.

Basi ulipotutoka, na nyumba ya mji ilipoanza kuachia mawe, tukahamia huku. Rukia, mjukuu wako, aliupakata mrehani njia nzima, kwa sababu tangu mdogo ulimuahidi kikuba chake cha harusi kitatoka kwenye kopo hilo hilo. Ijumaa hii anaolewa. Sasa fikiria mkaza mwanao nilivyokuwa nikichota maji ya kisima cha hapa kila jioni, nikimwagilia kwa mapenzi yote. Nanaa ikanyauka. Kotmiri ikafuata. Mrehani ukapukutika majani, ukabaki kijiti cheusi kinachonitazama.

Nililia, Mavyaa. Hemed akanibembeleza, "Sokoni Darajani kumejaa mrehani, bibi we, tutanunua fungu zima." Hakukosea. Lakini mrehani wa Darajani sio uliomuahidi Rukia.

Ndipo siku moja nikachovya kidole. Chumvi! Bahari iko karibu na kisima chetu, na mimi nilikuwa naunywesha mrehani wako maji ya kuchemshia muhogo. Nikacheka peke yangu uani, machozi bado yananitoka. Kuanzia siku hiyo kopo lako likawa linakunywa maji yetu ya kunywa. Hemed akasema afadhali na yeye angekuwa kopo, maana ndilo linalotunzwa humu ndani. Kijiti hakikuchipua, ila hakikufa. Nikangoja masika na roho mkononi.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana kutwa. Ya pili ikausafisha udongo. Baada ya ya tatu nikaona vidoti vya kijani pembeni mwa kile kijiti, nikawaita watu wote wa nyumbani waje wavione, hata fundi aliyekuja kufunga taa za harusi. Sasa ni kichaka, Mavyaa. Kidogo, lakini ukipita unakijua kwa harufu. Na maji ya mvua nayaonja pia. Hemed anasema nimeshakuwa wewe.

Leo alasiri nimeshuka uani kuchuma cha kikuba. Asmini nimeshaitunga. Nikanyoosha mkono, mkono ukakataa. Mazoea ni mazoea. Nikajisikia mjinga, lakini nikaita, sauti nzima, kama zamani: "Mavyaa, nchume?"

Mvua ilikuwa imekatika. Kisha dirisha la jikoni likafunguka, na Rukia, hina yake bado mbichi mikononi, akaitika:

"Chuma, Mama. Lakini usinimalizie, na mimi nataka tawi la kwenda kupanda kwangu."

Nimelichagua lile nene. Nimemwambia ayaonje maji.

Mkaza mwanao akupendaye